Mwaka wa Kumbeba Kambo

Filomena tulimzika Jumamosi iliyopita, na mimi nusura nikose. Dereva aliyenichukua alizunguka upande wa Mashamba kwa sababu njia ya zamani imeliwa na mashimo ya shaba, na kila aliponiona nikitazama saa aliniambia, "Mama, usiogope, marehemu atakungojea." Vijana wa siku hizi wana ulimi. Nilifika, nikakuta turubai limefungwa kutoka ukuta wa nyumba hadi ukuta wa jirani, wanawake wameketi kwenye mikeka, na nyuma ya nyumba sombe, mboga ya majani ya muhogo, inachemka kwenye sufuria za kanisa. Nikapewa kiti mbele, pamoja na wazee, jambo ambalo hadi leo linanishangaza kila linapotokea. Nilikuwa nimekuja kumlilia rafiki yangu wa tangu usichana, nile kidogo nisionekane na kiburi, kisha nirudi kabla ya giza. Ndipo mjukuu wake Grâce, msichana wa chuo kikuu aliyejifunga kitenge cha msiba juu ya jinzi, akasimama katikati yetu na kuanza kutaja majina. Niliposikia jina la kwanza mwili ulinisisimka. Jina lile nilikuwa nimelisikia siku moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na sita, na nililisikia kwa mgongo kabla ya masikio.

Ule ulikuwa mwaka wa mwisho mzima wa utawala wa Wabelgiji, ingawa sisi hatukujua kwamba ni wa mwisho. Wazazi wangu walikuwa wamehamia Kasaji, ambako baba alipata kazi ya reli, nami nikaachwa Kolwezi nimalize mwaka wa kushona kwa masista. Kuhusu wazazi wangu hayo yanatosha. Niliwekwa nyumbani kwa Tata Zakaria, yaani Baba Zakaria, seremala wa karakana ya kampuni ya migodi, na mkewe Mama Suzana, katika kambi ya wafanyakazi. Nyumba za kambi zilipangwa kwa mstari, zote za matofali, zote na mlango mmoja na dirisha moja mbele, hata mlevi akitoka baa aliweza kuingia kwa jirani na kuvua viatu kabla hajagundua. Lakini ndani, nyumba ya Tata Zakaria haikufanana na nyingine yoyote. Alikuwa akiomba vipande vya mbao vilivyobaki karakanani, na kila kipande alikitafutia kazi. Viti vyetu havikufanana hata kimoja, meza ilikuwa na mbao za rangi tofauti zilizokaa pamoja bila ugomvi, na juu ya mlango alitengeneza rafu ya Biblia, redio iliyokufa na kopo la sukari. Kopo lilikaa kule juu kwa sababu ya Kambo. Chumba cha ndani kiligawanywa kwa pazia la maua, na jingine kama hilo lilitutenganisha na sebule. Upande mmoja walilala Tata na Mama, upande wa pili Kambo, Filomena na mimi, na kwa pazia lile nilipata elimu ambayo masista hawakuwa nayo.

Kambo alikuwa mama yake Tata Zakaria. Watoto wa Kikasai wa kambini walimwita Kaku, sisi wengine tulimwita Kambo, maneno yote mawili ni bibi, na yeye aliitikia yote mradi uwe umebeba kitu cha kutafuna. Miguu yake ilikuwa imeacha kazi muda mrefu kabla sijafika. Filomena, binti wa nyumba, aliyenizidi miaka miwili na urembo wote, ndiye aliyekuwa akimbeba, lakini asubuhi ya kwanza Kambo alinitazama nyuma na mbele kama mtu anayenunua mbuzi, akasema, "Huyu njo atanibeba. Mugongo yake haina mifupa." Wote wakacheka. Nilikuwa msichana mnene na nililijua hilo bila kuambiwa. Basi kuanzia siku hiyo nilimbeba kwa kitenge, kama mtoto: asubuhi kumtoa juani, mchana kumpeleka kivulini, tena chooni, tena ukutani ambako aliweza kumtukana jogoo wa jirani kwa nafasi. Hakuwa mzito. Kilichonichosha ni swali lake. Kila asubuhi, nikimaliza tu kufunga kitenge, aliniuliza sikioni, "Jina yako nani?"

"Bernadeta, Kambo."

"Ile ya padri, uache. Ya kwenu."

"Ngoie."

"Ngoie wa nani?"

"Wa Mujinga."

Mujinga kwetu ni jina la mtu, si tusi. Kambo akatafuna kidogo kwa ufizi, kisha tukaendelea na safari yetu ya uani. Kesho yake swali lilelile, majibu yaleyale. Mama Suzana alinihurumia. "Vumilia, mama," aliniambia, "ni buzee. Kichwa inavuja." Mimi nilivumilia, ila siku nyingine nilijibu kwa haraka yote matatu pamoja, na yeye alinifinya bega nirudie polepole.

Jambo ambalo hakuna mtu aliyelijua katika kambi nzima ni Kambo alitoka wapi. Leo hilo linaweza kuonekana dogo. Kwa wakati ule, kambini, kila mtu alikuwa na watu wake: walikuwepo waliotoka Kasai, wengi kabisa, walioletwa na kampuni kwa treni; walikuwepo wa kaskazini ya Katanga kama sisi; walikuwepo Walunda wa hapahapa na wa mbali. Kila kundi lilikuwa na chama chake cha kusaidiana misibani, na mwaka ule, kwa sababu ambazo wakubwa walizizungumza kwa sauti ya chini, swali la "we wa wapi?" lilianza kuulizwa hata kwenye mstari wa posho, tulipokuwa tukipokea unga, mafuta na samaki wa chumvi. Tata Zakaria hakuwa na jibu. Alizaliwa kambini. Baba yake, Yoano, alikufa kazini kabla mwanawe hajaanza kusema, akaacha koti na jina alilopewa na kapita, msimamizi wa kazi. Yoano mwenyewe alikuwa ameokotwa mtoto, hakujua kwao. Na Kambo alikuja akiwa mdogo, kwa njia, na watu. Ndivyo alivyosema siku zote: "Nilikuya na batu." Watu gani? "Batu."

Filomena na mimi tulimchunguza mezani, maana chakula hakifichi mtu. Mama Suzana aliposonga bukari, yaani ugali, ya mahindi, Kambo alinung'unika hadi aongezewe unga wa muhogo, na wanawake wa upande wa magharibi wakasema, unaona, huyo ni wa kwetu. Alipopewa zawadi, hata kipande cha sabuni, aligusa chini kwa vidole na kujipaka vumbi mikononi kabla hajapokea, na mzee mmoja aliyewahi kukaa Musumba, kwenye makao ya mfalme wa Walunda, alisema hiyo ni heshima ya kwao. Lakini alipobembeleza watoto wa majirani aliimba kwa Kiluba cha Kasai, bila kukosea hata neno, na akina mama wa Kikasai wakasema, basi mambo yameisha. Mambo hayakuisha. Kila mtu alimdai na hakuna aliyekuwa na ushahidi, na Kambo mwenyewe alikula bukari yake akitutazama sote kama watu wasio na kazi.

Kisha akaja Dominiko. Alikuwa karani, kijana wa Kikasai mwenye kalamu mbili mfukoni, na alimpenda Filomena kiasi kwamba alikuja kutusaidia kuchambua sombe, kazi ambayo mwanamume wa kambi hakuifanya hadharani. Hakuna aliyempinga. Mama Suzana alianza kumpa finyango ya nyuma ya kuku. Baba mkubwa wa Dominiko, Tata Mukendi, ndiye aliyesimama kama baba yake, na Jumapili moja alikuja kutuona. Nilimwogopa kabla hajafungua mdomo. Alikuwa mtu mrefu, dereva wa garimoshi la migodi, na alikuwa na heshima nyingine kubwa kuliko hiyo: alijua kasala. Kasala, kwa Waluba wa Kasai, ni kusimama mbele ya watu, hasa msibani, na kumwita mtu kwa majina ya waliomtangulia, mmoja baada ya mwingine, kwa sifa zao na machozi yao. Aliye hai akitajwa ndani yake, desturi ya watu wa Tata Mukendi ilikuwa kwamba asimame. Asiposimama wanasema ameliacha jina lake lianguke chini. Watu walimwita Tata Mukendi kutoka kambi za mbali, na walisema akianza yeye, hata maiti hujisikia mtu.

Meza iliandaliwa, kuku, bukari, sombe yenye karanga, na Filomena akaleta beseni na maji ya kunawa. Tata Mukendi hakunyoosha mikono. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliotuumiza.

"Tata Zakaria, mutoto yako ni muzuri. Hatuna maneno na yee. Lakini mutu anakuya mu nyumba yetu, siku moja atakufa, sisi bote tutakufa. Siku ile mi nitasimama mbele ya batu. Mama yake tunajua. Lakini kwetu tunalia mutu ku upande ya baba. Filomena, nitamulilia ku jina ya nani?"

"Yee ni mutoto yangu," alisema Tata Zakaria. "Na mi ni mutoto ya Kambo."

"Na Kambo ni mutoto ya nani?"

 Tulichosikia ni Kambo nyuma ya pazia akitafuna sukari ya mabonge, ambayo mpaka leo sijui aliipataje. Tata Mukendi aliinuka bila kula. Alisema atarudi mvua ya kwanza itakapoanza kunyesha, na kama majina yatakuwa yamepatikana atanawa mikono na mahari itazungumzwa. Filomena alisimama na beseni lake, maji yametulia ndani, mpaka mama yake akampokonya.

Nimewajua wanaume wengi ambao wangekasirika. Tata Zakaria hakukasirika. Aliomba likizo yake ya mwaka, akapata karatasi ya ruhusa ya kusafiri, akaanza kujitayarisha kwenda kuwatafuta bibi na babu zake. Hapo alifanya kosa ambalo mtu wa kambi tu anaweza kulifanya. Alinyoosha suti yake ya Krismasi, akapaka viatu rangi hadi vikaonyesha uso, akavaa kofia nyeupe ngumu aliyopewa na kampuni kwa utumishi mwema. Mama Suzana alimshauri aende na shati la kawaida. "Eh, Suzana!" alisema. "Mi naenda kwa bankambo. Niende sawa mwizi?" Akapanda treni ya magharibi hivyo hivyo, akalala Kasaji kwa wazazi wangu, akaendelea kwa lori la wafanyabiashara wa muhogo hadi Musumba, katika vumbi ambalo bila shaka lilikula suti lakini halikuifikia kofia.

Aliporudi tulimpokea stesheni na tukajua kutoka mbali, kwa jinsi alivyotembea, kwamba mambo ni magumu. Alikuwa na kuku wawili chini ya kwapa. Kasaji, familia moja ilimtazama kofia na viatu, ikapiga kelele za furaha na kusema ndiyo, walipoteza msichana zamani, ni yeye. Musumba, mzee alipoelezwa juu ya vumbi la mikononi alimkumbatia na kumwita mwana wa dada. Njiani, stesheni ya kubadilishia treni, mama mmoja wa Kikasai alisikia habari yake, akamwimbia wimbo wa Kambo mwanzo hadi mwisho, akalia, akamwita kaka. Tata Zakaria aliondoka bila kabila, akarudi na makabila matatu. Mama Suzana alicheka hadi akashika ukuta, na Tata Zakaria naye akacheka, lakini yeye aliacha mapema.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa nyuma ya pazia na Kambo, nikimsugua miguu kwa mafuta ya mawese, Dominiko alipoingia. Tata Zakaria alikuwa upande wa pili akipiga randa kiti kimoja. Tulisikia kila neno, maana pazia ni pazia.

"Tata, ukamate moja tu," Dominiko alisema. "Bale ba Musumba banafaa. Banakuita mwana ya dada. Tata mukubwa hataenda kule kuuliza."

Randa ilienda, ikarudi. "Dominiko, mi ni fundi ya mbao. Mbao ikipasuka naweza kujaza mupasuko, nipake rangi, hata muzungu hataona. Lakini mi nitaikalia ile kiti kila siku."

"Lakini Filomena, Tata."

"Najua ni Filomena. Unazani silali sababu ya nani?" Randa ikasimama. "Sikia. Mama yangu alikuya muloko, mudogo kabisa, na batu. Kama haingekuwa bale batu, mi siko, na Filomena haiko. Nikisema mama ni ya bale ba Musumba, na haikuwa bao, basi bale ba kweli nani atabataja? Banakufa mara ya pili, na mi njo nabaua. Hapana. Tata Mukendi akirudia, nitamwambia kweli. Sijue."

Nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita na nilitaka harusi, nilitaka keki, nilikuwa nimeshaanza kushona gauni la Filomena kwa siri kwa masista. Ningechagua Musumba mara moja na kulala usingizi. Lakini nilipomsikia mtu yule akikataa urahisi, huku akijua bei yake ni binti yake mwenyewe, nilimpenda kuliko nilivyowahi kumpenda mkubwa yeyote. Mikono yangu ilisimama kwenye miguu ya Kambo. Yeye alikuwa ametazama pazia, ameacha kutafuna. Kisha akanigeukia. "Jina yako nani?" akaniuliza. Nikamjibu. Akaniuliza tena, na mimi nikajibu tena, polepole, wa nani na wa nani.

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi, na Jumapili Tata Mukendi akaja. Wanaume wawili wa ukoo wake waliketi kando yake kwenye viti visivyofanana. Kuku, bukari, sombe. Filomena na beseni. Sisi wanawake tulikuwa nyuma ya pazia. Tata Zakaria alisimama, akavua kofia nyeupe ambayo hata hakuwa na sababu ya kuivaa ndani ya nyumba, akaanza, "Tata Mukendi, nilienda, nilitafuta," na hapo Kambo akanigonga begani.

"Nibebe."

Nilidhani anataka chooni. Nikafunga kitenge, nikainuka, nikaelekea mlango wa nyuma. Akanivuta sikio kama usukani. "Kule," akasema. Kule kulikuwa kikao cha wanaume. Mama Suzana alifungua mdomo kunizuia, na sijui kwa nini, badala yake aliinua pazia.

Niliingia nikiwa nimeinama, macho chini, nikaona viatu vya Tata Mukendi. Nikataka kumkalisha Kambo kwenye kiti. "Usiniweke chini," alisema. Na pale pale, mgongoni kwangu, akaanza. Sauti ile sikuijua. Mwanamke aliyekuwa akinung'unikia jogoo na muhogo alitoa sauti iliyopita kwenye mbavu zangu kabla haijatoka nje, na nilihisi kila neno likigonga uti wa mgongo wangu.

"Munaniuliza miaka yote natoka wapi. Mutoto ku mugongo haoni njia. Anaona shingo tu ya mwenye kumubeba. Sasa musikie.

"Mi ni mutoto ya mugongo ya Chilombo, Chilombo mwenye kunuka moshi, alinikamata pembeni ya njia mama yangu amekwisha kulala, hakuuliza mi ya nani, alinitafunia muhogo mu mudomo wake.

"Mi ni mutoto ya mugongo ya Kabwita, mwanaume mwenye kidonda mu kisigino, alinivusha Lualaba maji mu kifua, alinifundisha kupokea kitu na vumbi mu mikono.

"Mi ni mutoto ya mugongo ya mwanamuke mwenye shanga nyekundu. Jina yake sikusikia. Alianguka mu njia, balinitoa ku mugongo yake, ilikuwa ingali moto.

"Mi ni mutoto ya mugongo ya Ngalula, mwenye mimba, mutoto wake mbele, mi nyuma, ndani ya wago ya treni ya kazi, aliimba mpaka tukafika.

"Mi ni muke ya Yoano mwenye koti, alinibebaka mu mvua mpaka ku dispansere, asubui akashika mutoto mu mikono. Na ile mutoto ni Zakaria."

Tata Zakaria, aliyekuwa ameketi tena tulipoingia, alisimama. Machozi yalimtiririka na hakuyafuta. Mzee wa miaka karibu hamsini, alikuwa anasikia kwa mara ya kwanza kwamba hakudanganywa kule alikokwenda. Muhogo wa magharibi, vumbi la Musumba, wimbo wa Kasai, vyote vilikuwa kweli, na kila kimoja kilikuwa na mgongo wake.

Tata Mukendi alikuwa ameinamisha kichwa. Nilisubiri aseme kwamba hiyo si kasala, kwamba hao si mababu. Badala yake alianza kurudia, kwa sauti ya chini, kama afanyavyo mjuzi anapotaka kukishika kitu. "Chilombo mwenye kunuka moshi. Kabwita mwenye kidonda. Ngalula ya kwetu, ya Kasai..."

"Hapana," alisema Kambo. "Umeruka shanga. Na sikusema Ngalula ni ya wapi. Nimesema alinibeba."

"Ni kweli, mama," alisema yule mtu ambaye kambi nzima ilimwogopa. "Unihurumie. Narudilia." Akarudia kutoka mwanzo, na safari hii hakuruka. Kisha akamgeukia Filomena, akanyoosha mikono yote miwili juu ya beseni. Filomena alimimina kwa haraka hata maji mengi yakamwagika kwenye viatu vyangu, na hakuna mtu aliyejali. Nimekula karamu kubwa tangu siku ile, moja hata hotelini, lakini sijawahi kuona watu wakila kuku kwa furaha kama ile. Kambo alilishwa paja mgongoni kwangu, maana alikataa kabisa kushuka, na mchuzi ulinitiririkia shingoni hadi jioni.

Harusi ilifanyika, gauni nikalimalizia mimi, na shingo yake ilikaa vibaya kidogo upande wa kushoto. Kisha mwaka ukaisha, nikaenda Kasaji kwa wazazi wangu, na huko ndiko tulikopata habari kwamba Kambo amefariki. Mvua zilikuwa kali, sikuwahi mazishi. Niliambiwa tu kwamba Tata Mukendi mwenyewe alisimama. Baada ya hapo ukaja uhuru na mambo yake. Swali la "we wa wapi?" liliacha kuwa maneno ya mstari wa posho, likawa la mapanga, na Filomena na Dominiko walipakiwa kwenye mabehewa kama alivyopakiwa Kambo, kuelekea Kasai ambako Filomena hakuwahi kufika. Tata Zakaria na Mama Suzana waliwafuata, na wamezikwa kule. Filomena alirudi Kolwezi mjane, miaka mingi baadaye. Tulikaa pamoja mara nyingi, tukinywa munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, na kulalamikia magoti, na tulimcheka Kambo na sukari yake, lakini majina yale hatukuyataja. Kasala haisemwi mezani. Nilidhani majina yale yamebaki nusu nusu kichwani mwangu tu, na kwamba nikifa mimi yatakuwa yamekwisha.

Nimefikiri sana juu ya watu wa nyumba ya Tata Zakaria wiki hii. Wengine waliokuwa hawajui kwao walitunga. Wengine walinunua ukoo kwa pombe, na sasa wajukuu zao wanaapa kwa huo. Watu wa nyumba ile walikaa na tundu lao wazi, bila kulipaka rangi, mpaka mwenye kujua akawa tayari kusema. Nimefundisha kushona wasichana wengi katika maisha yangu, na nimewakatalia mshono mwingi mbovu uliofichwa vizuri, na sasa najua nilijifunza wapi ukali huo.

Basi Jumamosi, chini ya turubai, Grâce alianza na Chilombo mwenye kunuka moshi. Kabwita, kidonda, Lualaba. Shanga nyekundu hakuziruka. Ngalula mbele na nyuma. Yoano mwenye koti, Zakaria mwenye randa aliyekataa rangi. Nilikuwa nalia wazi, kwa raha, kama mtu aliyekuta nyumba yake ya zamani bado ina mlango. Nilingoja amtaje Filomena, maana ndiye tuliyemzika na ndiye aliyefuata. Grâce akavuta pumzi.

"Mi ni kilembwe ya mugongo," alisema, "mugongo yenye haina mifupa. Alimuingiza Kambo mu kikao ya banaume, hakumuweka chini mpaka jina ya mwisho. Kambo alimuuliza jina yake kila asubui, ili yee mwenyewe asiisahau, ili atuachie. Ngoie. Ngoie wa Mujinga."

Kichwa kilichokuwa kinavuja. Eh, Kambo! Asubuhi zote zile.

Grâce akatazama viti vya wazee, bila kujua ni nani kati yetu, maana siku hizi naitwa Bernadeta tu, au kama bado yuko. Watu walianza kugeuka. Magoti yangu hayainuki siku hizi bila kushauriwa, na kijana aliyeketi kando yangu aliona ninahangaika akanyoosha mkono anishike. Nikamwambia aache. Nikashika kiti changu, na nikasimama.